Maswali Yenu: Zaka Hutolewa kwa Mauzo au kwa Faida?

SWALI: Bwana asifiwe. Mimi ni mama karanga wa Mayungu. Nanunua samaki wabichi ufuoni, nakaanga, jioni nauza kando ya barabara. Tumefundishwa kutoa fungu la kumi la kila shilingi inayoingia mkononi. Nimefanya hivyo tangu Januari na sasa mtaji unaisha. Je, imani yangu ni haba?
Mama Karanga, Malindi

JIBU: Mama, kilichopungua ni mtaji, imani yako haina kasoro. Unatoa zaka ya mauzo, na sehemu kubwa ya mauzo ni ya mvuvi, ya muuza mafuta na ya kijana wa boda. Pesa zao zinapita tu mkononi mwako.

Tuchukue siku moja. Vibua na tasi kilo 15 kwa shilingi 220 ni 3,300. Mafuta lita 2 ni 600, kuni 200, boda 150, ushuru 50, karatasi za kufungia 50. Jumla umetoa 4,350. Jioni umeuza 5,300. Faida ni 950. Ukitoa zaka ya mauzo, 530 zinaondoka, unabaki na 420. Nyumba inakula 600. Zile 180 za kujazia umezitoa wapi? Kwenye pesa za samaki wa kesho. Siku 18 za kazi zikipita hivyo, mtaji wa 4,350 umebaki 1,110, na hapo tumejifanya faida haishuki, hali mtaji mdogo hununua samaki wachache.

Zaka ya faida ya siku hiyo ni shilingi 95. Unabaki na 855, nyumba inakula 600, na 255 zinalala.

Msingi wake upo katika Maandiko. Kumbukumbu la Torati 14:22 inataka fungu katika maongeo ya mbegu, yaani kilichozaa shambani. Samaki uliyemnunua kwa pesa zako ndiye mbegu. Kilichoongezeka baada ya kumuuza ndiyo maongeo.

Ila usivuke upande wa pili. Wapo wanaoondoa kila kitu kwanza kwenye mauzo, chakula cha nyumbani, karo, vocha ya simu, kisha wanasema faida haikuonekana. Gharama ya biashara ni ile ambayo bila hiyo samaki hauziki, basi. Na wale tasi wawili unaowabeba nyumbani kwa mboga ni pato pia: waandike kwa bei uliyonunulia. Karai ukinunua kwa 1,200 na likakaa mwaka, liandike shilingi 100 kila mwezi, usilibebeshe siku moja.

Piga hesabu kwa wiki, si kwa siku. Daftari moja: ukurasa wa kushoto ulichotoa, wa kulia ulichouza. Makopo mawili: la mtaji, ambalo halifunguliwi hata mgeni akibisha hodi, na la faida. Jumamosi usiku jumlisha. Siku tano za faida ya 950 ni 4,750. Siku ya sita mvua ikanyesha, samaki wakalala, ukapoteza 1,400. Faida ya wiki ni 3,350, na zaka ni 335. Paulo naye aliwaambia Wakorintho waweke kando siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2). Ile ilikuwa changizo kwa watakatifu wa Yerusalemu, haikuwa zaka, lakini utaratibu wake unafaa sana kwa mtu wa pato la kila siku.

Jambo hili litakufaa zaidi kusi, majira ya upepo wa kusini, likianza. Bahari ikichafuka samaki hupungua na bei ya ufuoni hupanda. Unaweza kuuza kwa pesa nyingi kuliko za kaskazi na usipate kitu. Zaka ya mauzo miezi hiyo itakufilisi kabla ya Agosti.

SWALI: Nafanya kazi hotelini Watamu, kwa kandarasi ya Novemba hadi Aprili. Mshahara ni 24,000. Nitoe zaka kabla ya makato au baada? Halafu mhubiri mmoja ametuambia asiye na pesa akope kwa simu apande mbegu, yaani atoe sadaka, Mungu atarudisha. Mei nikiwa nyumbani naishije?
Weita, Watamu

JIBU: Makato kwanza. Akiba ya uzeeni ya NSSF asilimia 6 ni 1,440. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75 ni 660. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 360. Kwa mshahara wako PAYE, kodi ya mapato, haikugusi, kwa hiyo unapokea 21,540. Zaka kabla ya makato ni 2,400. Baada ya makato ni 2,154. Mnagombania shilingi 246 kwa mwezi, na Biblia haikujua karatasi za mshahara. Chagua moja usiyumbe. Ukitoa kabla ya makato, pesa ulizochanga NSSF zimeshatolewa zaka. Ukitoa baada, utaitoa siku utakapozipokea uzeeni, sehemu uliyochanga na nyongeza yake. Bakshishi za wageni ndizo husahaulika: zihesabu usiku uleule kabla hazijaisha kwa chai na chapati.

Mkopo si pato. Ni pesa za mwenzio zilizokuja na riba, na huwezi kutoa fungu la kumi la deni. Malaki 3:10 hutajwa sana hapa, lakini ghala inayosemwa pale ni ghala la hekalu, la nafaka ya kuwalisha Walawi. Katika Nehemia 13:10 Walawi walikuwa wamekimbilia mashambani kwao kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Hakuna aliyeambiwa akope. Mithali 22:7 inamwita mkopaji mtumwa wa aliyemkopesha, nasi tunaona anayewaita watu utumwani kwa jina la baraka anastahili kuulizwa maswali.

Kuhusu Mei, mwige Yusufu, aliyeweka akiba miaka ya shibe kabla njaa haijafika. Yeye alitenga sehemu ya tano (Mwanzo 41:34) kwa kuwa mavuno yalikuwa mengi mno. Wewe wa miezi sita utahitaji nusu. Toa zaka 2,154, unabaki na 19,386. Nusu yake, 9,693, iende SACCO (chama cha akiba na mikopo) au akaunti ya akiba inayofungwa, siku ileile ya mshahara. Ishi kwa nusu ya pili. Miezi sita ya kusi utajilipa 9,693 kila mwezi, na hazitolewi zaka tena. Ikiwa 9,693 hazitoshi, ni bora ujue Novemba ukahamie chumba cha bei nafuu, kuliko kujua Juni mwenye nyumba akiwa mlangoni.

SWALI: Mama yangu ana sukari na dawa zinanishinda. Naweza kumpa zaka yangu?
Binti, Maweni

JIBU: Makanisa hayasemi mamoja. Waadventista huitenga zaka kwa kazi ya Injili pekee. Wakatoliki wanadaiwa kulitegemeza Kanisa, lakini sheria yao haitaji asilimia kumi. Kumbukumbu 14:28-29 nayo iliwapa zaka ya mwaka wa tatu yatima na wajane. Ila hakuna kanisa lenye ruhusa ya kumwacha mama yako bila dawa: Yesu aliwakemea waliosema mali ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze wazazi (Marko 7:11-13). Mama ni wajibu wako kutoka zile tisini zinazobaki katika kila mia baada ya zaka. Zikishindwa, nenda kwa wazee wa kanisa na risiti za dawa, uwaombe kanisa lisaidie. Usijifiche.

SWALI: Mchungaji anataka zaka zije kwenye namba yake ya simu. Ni sawa?
Msomaji, Gede

JIBU: Hapana, hata akiwa mwaminifu. Tumia paybill ya kanisa, namba yake ya kupokea malipo kwa simu, sehemu ya akaunti uandike ZAKA na jina lako. Soma jina linalotokea kabla ya kukubali. Likiwa la mtu binafsi, katisha. Tunza ujumbe wa uthibitisho, na mwisho wa mwaka ulinganishe na taarifa ya mweka hazina. Kanisa lisilo na paybill lina bahasha na kitabu cha risiti.