Kuacha king'amuzi cha kulipia na kuhamia intaneti

Umeuliza kama hapa Kisumu mtu anaweza kuachana na king'amuzi cha kulipia kila mwezi, abaki na Netflix na YouTube tu. Jibu linategemea intaneti yako, maana kinachokula pesa si ada ya filamu, ni intaneti yenyewe.

Piga hesabu. Netflix kwa picha ya kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na HD (picha ang'avu zaidi) hufika GB 3. Nyumba inayotazama saa 3 kila siku itamaliza GB 90 kwa mwezi, au GB 270 kwa HD. Kwa bando za simu hiyo ni hasara tupu. Ukiwa na faiba isiyo na kikomo, kasi ya Mbps 5 inatosha runinga moja ya HD; wakitazama wawili kwa wakati mmoja, chukua 10. Na kifurushi cha bei ya chini kabisa cha Netflix ni cha simu na tableti pekee. Wengi hulipia kisha wakashangaa runinga inakataa.

Habari usizilipie. Citizen, NTV, KTN na KBC ziko bure hewani. Angalia kama runinga yako ina DVB-T2 ndani, yaani kipokezi cha matangazo ya dijitali ya hewani. Ikiwa nayo, king'amuzi hakihitajiki. Funga antena ya UHF (ya masafa ya runinga) juu ya paa, uielekeze upande zinakoelekea za majirani, kisha uanzishe utafutaji wa chaneli. Picha ikikatakata, anza na kiungo cha waya: maji ya mvua huingia hapo.

Mpira wa Uingereza mubashara ndio kikwazo, maana huo uko kwenye huduma za kulipia. Kama huwezi kuukosa, usikate bado.