Sindano ndiyo, kopo hapana

Wiki hii mmeuliza: "Je, sindano na dawa za Kichina zinamsaidia mwanamke anayekoma hedhi? Ungemshauri ndugu yako azitumie?"

Mhariri, natanguliza jibu kwa sababu najua si wote watakaofika mwisho wa barua. Sindano, kama fedha ipo na anayezichoma amesajiliwa, sina ugomvi nazo. Dawa za Kichina za kopo, hapana. Na kabla ya vyote viwili, kamuone daktari wa wanawake umuulize habari za homoni, maana kwa joto la ukomo wa hedhi hakuna tiba iliyothibitishwa kama hiyo, wala hakuna tunayotajiwa mara chache kama hiyo.

Nayasema haya nikiwa nimesimama pande zote mbili za kaunta. Ni mfamasia, duka letu liko Dar es Salaam, na ni mwanamke wa miaka 54. Hedhi yangu iliyumba kwanza, mwezi huu mara mbili, unaofuata kimya, kisha ikakoma. Joto likaingia. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka utosini, jasho linatiririka, halafu ghafla nasikia baridi. Mchana nilimudu, kwa Dar nani atajua jasho lako ni la nini? Usiku ndio ulionitesa. Naamka saa nane shuka limelowa, na mwenzangu ananiuliza kama nina malaria.

Wakubwa husema vumilia, litapita. Litapita, lakini lini? Utafiti mmoja wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ambao matokeo yake yalitolewa 2015, ulionyesha kwamba nusu yao walisumbuliwa na joto na jasho kwa zaidi ya miaka 7. Kwa wenye asili ya Afrika ilizidi 10. Miaka kumi si muda wa kumwambia mtu avumilie tu.

Kwenye sindano nilipelekwa na udadisi, na mazoea kidogo. Sisi watu wa pwani hatushtushwi na kuumikwa. Chuku tumezikuta kwa mabibi zetu, na siku hizi hijama ina mabango kila mtaa. Wachina nao si wageni. Timu yao ya kwanza ya madaktari ilifika Zanzibar 1964, na mpaka leo madaktari wa jimbo la Jiangsu wanapokezana Unguja na Pemba. Bara walianza kuja 1968. Mama yangu mdogo alichomwa sindano za mgongo na mmoja wao, na hakuacha kumsifu mpaka anaingia kaburini.

Daktari niliyemkuta ni mama wa makamo. Aliniambia nitoe ulimi. Akanishika mkono kwa vidole vitatu, wa kushoto kisha wa kulia, akasikiliza mapigo kimya kwa muda ambao kwenye zahanati zetu wangekuwa wameshapita wagonjwa wawili. Kisha maswali. Viganja vinawaka usiku? Unaota nini? Choo kigumu? Unalia bila sababu? Na tendo la ndoa, je? Hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza, na nina marafiki madaktari. Kwetu msichana akivunja ungo anawekewa somo, anafundwa, anapigiwa ngoma. Hedhi ikikoma hapigiwi hata simu.

Jibu lake lilikuwa kwamba yin ya figo zangu imepungua. Msomaji asikimbilie kwenda kupima figo. "Figo" ya Kichina si ile ninayoiuzia dawa. Ni ghala la nguvu za uzazi na za kukua. Katika Huangdi Neijing, kitabu chao cha tiba cha zamani sana, maisha ya mwanamke yanahesabiwa kwa saba saba: miaka 7 anabadilisha meno, miaka 14 anapata hedhi, miaka 49 njia za uzazi zinakauka na hazai tena. Hesabu hiyo haiko mbali na ya hospitali, kwa kuwa wengi wetu hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ghala likipungua, wanasema, yin ambayo ni ubaridi na umajimaji hushindwa kuishika yang, yaani joto, kama sufuria iliyobaki na maji kidogo juu ya moto uleule. Ndiyo maana unaungua bila kuwa na homa.

Hospitali wanaeleza vingine. Homoni ya kike, estrojeni, ikishuka, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka: joto dogo tu linahesabiwa kuwa kubwa, mishipa ya ngozi inafunguka na jasho linamwagwa. Mimi naamini maelezo haya ya pili, kwa sababu yamepimika na yamezaa dawa. Lakini nakiri kwamba yale ya kwanza yananifaa zaidi ninapomweleza mteja anavyojisikia.

Sindano zenyewe ni nyembamba mno, hazifanani na zetu za penisilini. Alifungua pakiti mpya mbele yangu, na hilo ndilo ningeondokea kama asingelifanya, maana sindano ikirudiwa kwa watu wawili ni homa ya ini na UKIMWI. Aliweka moja upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo, mahali wanapopaita Sanyinjiao, nyingine nyuma ya kifundo chenyewe, nyingine mkononi, nyingine chini ya kitovu. Maumivu ni kidogo. Unasikia uzito mzito, kama ganzi inayotambaa, na yeye husubiri useme umeusikia. Kisha taa inazimwa, unalala nusu saa hakuna anayekuita mama wala bosi.

Nilipata nafuu. Usingizi ulitangulia, joto likafuata: halikuisha, lilipungua makali. Wiki niliyokosa kwenda haikunirudisha nyuma. Ukavu wa uke haukubadilika hata chembe, wala maumivu ya magoti.

Sasa, nafuu ya mtu mmoja haithibitishi kitu. Hata maji ya bomba yana washuhuda. Nilikwenda kusoma. Huko Melbourne, Australia, watafiti waliwachukua wanawake 327 wenye joto kali, na walichagua wale ambao hata kwa vigezo vya Kichina wana upungufu wa yin ya figo, ili asije mtu akasema hawakupimwa kwa kanuni. Nusu walichomwa sindano za kweli, nusu waliguswa kwa sindano butu zisizoingia kwenye ngozi. Vikao 10 ndani ya wiki 8. Matokeo yakatolewa 2016: makundi yote mawili, joto lilipungua kwa karibu asilimia 40, na nafuu ikadumu. Tofauti kati ya sindano ya kweli na ya uongo haikuwapo.

Mwaka huohuo wa 2016, Marekani, jimbo la North Carolina, wanawake 209 waligawanywa: wengine waanze sindano, wengine wangoje zamu. Baada ya miezi 6 walioanza walikuwa wamepungukiwa na joto kwa asilimia 36.7, wanaongoja likawa limeongezeka asilimia 6, na mwaka ulipotimia nafuu ya wa kwanza ilikuwa bado ipo. Watafiti wa Norway nao waliona nafuu kama hiyo mwanzoni, ila walipowarudia wanawake wao baada ya miezi 6 na 12 hawakuona tena tofauti.

Ukiziweka pamoja, tafiti hizi hazipingani. Ukilinganishwa na kukaa bure, kuchomwa kunasaidia. Ukilinganishwa na kuguswa kwa sindano butu, hakuzidi. Kwa hiyo kinachosaidia, kwa sehemu kubwa, si ile nukta vidole vinne juu ya kifundo. Ni saa nzima ya mtu kukuhoji, kitanda, giza, mkono wa mtu mwingine, na matumaini yako mwenyewe. Na joto la ukomo wa hedhi ni ugonjwa mwepesi wa kusikia matumaini: katika majaribio ya vidonge vya homoni, hata waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa, joto lao lilipungua kwa zaidi ya nusu.

Je, nimetapeliwa basi? Sioni hivyo. Usingizi nilioupata niliulala kweli. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kiliiweka akupancha, yaani hizi sindano za Kichina, upande wa tiba zisizopendekezwa, na kwa daktari anayetaka kujua sindano inafanya nini, wako sahihi. Kwa mwanamke asiyelala, nadhani wamekaza mno. Ninachokataa ni bei kupangwa kana kwamba siri iko kwenye ramani ya nukta, na kuambiwa usikose kikao hata kimoja mpaka mwakani. Kama baada ya mwezi mmoja au miwili hujaona kitu, fedha zako zipeleke kwingine.

Kopo ni habari nyingine. Wateja huniletea: "Mama, hebu nisomee hii." Nageuza kopo huku na huku, maandishi yote ya Kichina, hakuna namba ya usajili, hakuna kipimo, na yeye keshameza nusu. Sisemi mitishamba ya Kichina ni takataka. Dawa ya mseto, ile ALu tunayoimeza kwa malaria, ina kiungo kilichotengenezwa kutokana na artemisinini, iliyotoka kwenye mmea wa Kichina, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2015. Lakini ilifika kwetu ikiwa imechujwa, imepimwa, ina miligramu. Kopo la Kariakoo halijapita njia hiyo.

Lipo moja linalouzwa sana kwa wanawake wa umri wangu, Liu Wei Di Huang Wan, dawa ya mimea sita, mmojawapo ni wa jamii ya kiazi kikuu. Linasifika kwa kujaza yin. Kinachonichekesha ni kwamba aliyelitunga, Qian Yi, alikuwa tabibu wa watoto wa China ya kale, enzi ya Song, na alilitunga kwa watoto wanaochelewa kukua. Akatoa kwenye dawa ya zamani zaidi mimea miwili ya kupasha joto, mmoja wa jamii ya mdalasini. Leo linamezwa na mabibi. Mzizi mwingine, dang gui, ulijaribiwa peke yake Marekani kwa wanawake 71, matokeo yakachapishwa 1997: haukushinda kidonge kitupu. Matabibu wa Kichina walijibu kwamba hakuna anayetoa dang gui peke yake, na hoja hiyo ina haki. Ila wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipokusanya mwaka 2016 majaribio 22 ya mitishamba ya Kichina kwa ukomo wa hedhi, ya wanawake 2,902, hawakupata ushahidi wa kutosha kuipendekeza.

Kutosaidia ningekusamehe. Kuua figo, hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa Brussels, Ubelgiji, walipewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine ambao jina lake la Kichina linakaribiana nao, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya 100 waliharibika figo, wengine wakahitaji kupandikizwa, na baadaye saratani za njia ya mkojo zikaanza kuwatokea. Hawakuwa wamenunua mtaani. Walikuwa kwenye kliniki. Dang gui nayo ukiichanganya na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu inaweza kutoka isisimame. Kwa hiyo ukinunua, angalau uliza kama dawa imesajiliwa na kama anayekupa anatambuliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mwambie daktari wako unachomeza. Usimfiche.

Habari za homoni nitazisema haraka ingawa zinastahili barua yao. Zinapunguza joto kwa karibu robo tatu kuliko kidonge kitupu. Hofu ilianza 2002, utafiti wa Marekani wa wanawake zaidi ya 16,000 ulipoonyesha saratani ya matiti ikiongezeka: wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 63. Kwa aliye chini ya miaka 60 na asiye na historia ya saratani hiyo, kuganda kwa damu au kiharusi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Mwenye kizazi huongezewa homoni ya pili, projestojeni. Ukavu wa uke una krimu yake ya estrojeni, ya kupaka kidogo tu, na hapo hakuna sindano inayoingia ushindani. Aliyeugua saratani ya matiti, ambaye homoni kwa kawaida hapewi, huyo ndiye ningemwambia sindano bila kusita, kwa ruhusa ya daktari wake.

Mmeuliza kuhusu ndugu. Ninaye, mdogo wangu, yuko Morogoro, ana miaka 51. Ana presha, na ametumiwa kopo na shoga yake aliye Guangzhou. Nilimwambia anipigie picha ya karatasi ya ndani. Nilikuta gan cao, yaani mizizi ya susi, ambayo ukiizidisha hupandisha presha na kushusha potasiamu. Kopo limewekwa kando. Sindano nimemwambia aende akipenda, hazitagombana na vidonge vyake. Ila katika mazungumzo akaniponyoka kwamba mwezi uliopita aliona damu kidogo, na hedhi yake imekoma zaidi ya mwaka. Damu ya namna hiyo haichomwi sindano wala hainywewi dawa kabla kizazi na mlango wake havijachunguzwa. Miadi yake hospitali ni Alhamisi, na nauli nimeshamtumia.