Pesa iende kwenye kiatu cha kila siku

Wengi wetu tuna kiatu cha bei mbaya kilicholala kwenye boksi juu ya kabati, na cha bei chee mguuni Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi nagawa pesa kinyume chake. Cha harusi nakivaa mara chache kwa mwaka, na ukumbini muda mwingi nimekaa. Cha kazini napanda nacho daladala la Mbagala nikiwa nimesimama, kisha nashinda nacho Posta kwenye lami inayochoma.

Dukani nakwenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa joto la Dar. Najaribu yote miwili, kwa sababu miguu ya watu wengi hailingani, na nanunua kwa kufuata ule mkubwa. Kama soli ya ndani inachomoka, naiweka chini na kuikanyaga: nyama ya mguu ikimwagika pembeni, narudisha. Muuzaji atasema, "Kitatanuka tu dada, hiyo ngozi." Ni kweli ngozi hutanuka, lakini kwa upana. Urefu haubadiliki, na ngozi bandia ndiyo kabisa haikusikii. Kisha nakikunja. Kiatu kizuri kinajikunja pale vidole vinapoanzia. Kikivunjika katikati ya wayo, kitakuchosha. Na usidanganyike kwamba bapa ndiyo raha. Soli nyembamba kama chapati inaumiza kisigino kuliko kiatu kilichoinuka sentimita mbili au tatu.

Pale soko la Karume, mtumba wa maana upo, tena wa ngozi halisi. Tazama kisigino kwanza: kilicholika upande mmoja kitakupindisha na wewe. Bonyeza soli kwa kidole gumba, maana kuna zile za povu ambazo zikikaa muda mrefu humeguka zenyewe hata kama juu kiatu kinang'aa. Kikipita hapo, nakipeleka moja kwa moja kwa fundi viatu akishone soli kuzunguka kote. Gundi peke yake siiamini.

Sasa sherehe. Nani alisema mchuchumio lazima uwe kama msumari? Kisigino kinene kinabeba uzito vizuri zaidi, na kwenye majani au mchanga wa ufukweni hakizami. Soli ya mbele nayo ihesabiwe: kisigino cha sentimita 10 chenye soli ya mbele ya 3 kinamwinua mtu kwa 7 tu. Kiwe na mkanda wa kifundoni pia, kwa sababu kwenda kutoa zawadi kwetu ni kwa kucheza, na foleni haiendi haraka.

Wapo wanaobeba ndala kwenye pochi wabadilishe baadaye. Kwa gauni fupi sawa. Gauni refu limepimwa na kiatu, ukishuka tu linafagia ukumbi. Kwa hiyo mpelekee fundi cherehani kiatu chenyewe siku ya kupima pindo, na kiwe cha kimo unachokiweza mpaka usiku wa manane. Kwa send-off ya vitenge, mimi navaa makubazi ya shanga na hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole.

Ukikwama kati ya namba mbili, chukua kubwa, uweke soli ya ziada ndani. Ndogo hata fundi hawezi kuirefusha.