Mandolini ya umeme kwa laki saba: ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo fundi. Napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu hapa Tanga. Tuna kinanda, besi, dumbaki na rika, na kazi zetu nyingi ni za harusi. Nataka tuongeze mandolini ya kuchomeka kwenye spika, na nimeweka akiba shilingi laki saba. Nikitazama mtandaoni naona aina mbili: zenye mwili wa ubao mzima usio na tundu, na zile za kawaida zenye soketi ubavuni. Nyingine zina nyuzi nane, nyingine nne tu. Pesa hii sitaipata tena mwaka huu. Ninunue ipi?
Mpiga fidla, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nunua ya nyuzi nane, yenye tundu na pikapu (kinasa sauti) ya sumaku. Nitakueleza kwa nini.

Wewe wa fidla mkono wa kushoto hautapata taabu, maana mandolini hufungwa sauti zilezile, G, D, A na E, ila kila sauti ina nyuzi mbili. Utakachogombana nacho ni freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Maqamu kama hijazi na nahawandi zitakaa vizuri. Ukiingia kwenye rasti au bayati, ile robo ya sauti unayoipata kwenye fidla kwa kusogeza kidole kidogo tu, hapa haipo. Iko katikati ya freti mbili. Inabidi uuvute uzi pembeni, na nyuzi pacha ni ngumu kuvutwa kwa pamoja zikabaki zimelingana. Ndiyo faida ya nyuzi mojamoja. Marehemu U. Srinivas wa India (1969–2014), aliyepiga muziki wa asili wa India ya Kusini kwa mandolini ya umeme, alitumia nyuzi tano zisizo na pacha, na sauti zake zilipinda atakavyo.

Hata hivyo nasisitiza nane. Robo ya sauti mnayo tayari kwenye fidla yako. Mnachokosa ni ule mtetemo wa nyuzi pacha risha inapokwenda juu na chini haraka, mandolini ikiitikia mwimbaji akivuta pumzi. Ukiweka nyuzi nne kwenye ubao mzima, unapata sauti ya gitaa dogo. Ni sauti nzuri, lakini siyo uliyoiandikia barua.

Ubao mzima una sifa moja kubwa: haupigi mluzi kirahisi. Mwili wenye tundu hutetemeshwa na spika, pikapu ikaupokea mtetemo huo na kuurudisha kwenye spika, basi ukumbi mzima unaziba masikio. Mngekuwa bendi ya dansi yenye ngoma kubwa nyuma yako, ningekwambia uchukue ubao mzima. Kwa taarabu mluzi unazuilika. Usikae mbele ya spika. Mwambie fundi mitambo akate besi kwenye laini yako. Uzi wako mnene kabisa uko kwenye hezi 196, kwa hiyo chini ya 150 hakuna noti yako hata moja. Ukumbi ukiwa mkali sana, ziba matundu kwa kipande cha sponji ya godoro.

Sasa pikapu. Ya piezo, inayokaa kwenye kidaraja (kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili) au kubandikwa ndani, husikiliza mbao, na bila kifaa cha kuikuza vizuri sauti huwa nyembamba na kavu. Ya sumaku husikiliza chuma cha uzi wenyewe, haitaki betri, na unaichomeka kwenye amplifaya yoyote ya gitaa. Ibanez M510E na Stagg M50E ni za namna hiyo, nyuzi nane, na ni za bei ya wanaoanza. Tafuta hata iliyotumika, ukiweza kuishika mkononi kwanza.

Ukiishika, usianze na rangi. Piga uzi mtupu, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12: iwe sauti ileile, juu kwa oktavu moja. Ikipanda kupita kiasi, kidaraja kisogezwe nyuma kidogo. Hakikugandishwa kwa gundi, kinashikiliwa na nyuzi tu, ndiyo sababu usizifungue zote kwa mpigo. Pale pale kwenye 12, uzi uwe juu ya freti kama milimita 2. Ukiwa juu zaidi, zungusha vigurudumu viwili vya kidarajani. Shingo iliyopinda iache hapo hapo, hata wakikupunguzia bei.

Nyuzi nene za mandolini mara nyingi huzungushiwa shaba, na sumaku haiisikii shaba vizuri. Tena madukani kwetu hazipatikani kirahisi. Nunua pakiti mbili za gitaa la umeme, za nikeli, saizi 10 hadi 46. Uzi wa 10 ufunge E, wa 13 uwe A, wa 26 uwe D, wa 36 uwe G. Wa 17 na wa 46 weka pembeni. Mkia wa mandolini nyingi unataka kitanzi, na uzi wa gitaa una kipete cha shaba mwishoni. Kibane kwa koleo taratibu mpaka kipasuke kitoke, kitanzi kitabaki. Vaa miwani. Na kwa chumvi ya hewa ya Tanga, zipanguse nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.