Jibu: Je, mume anaweza kuuza nyumba bila mke kukubali?
Dada wa Ipagala, umeuliza kama mumeo anaweza kuuza nyumba mnayoishi kwa sababu hati ina jina lake peke yake. Bila ridhaa yako, hapana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema ndoa ikiwa bado ipo, nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani mpaka mwenzi akubali. Na hati ingekuwa ya jina lako, nawe ungebanwa vilevile.

Akishauza kimyakimya? Mnunuzi anaichukua pamoja na haki yako ya kuendelea kukaa humo, hadi ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Ila kuna mwanya, na madalali wanaujua: mnunuzi akithibitisha kwamba hakujua, na asingeweza kujua hata angeulizia vizuri, umekwama. Kwa hiyo usingoje. Nenda ofisi ya ardhi uweke zuio kwenye hati. Kifungu hichohicho kinakuruhusu. Mtaarifu na mwenyekiti wa mtaa, tena kwa barua yenye nakala.

Umetaja pia shamba la Mpwapwa: hilo si nyumba mnayoishi, kwa hiyo kifungu hiki hakiligusi.