Usiamini index peke yake unapotafuta nafasi kwenye orodha

Ninapokagua programu za Python za vijana ninaofanya nao kazi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni `index`, amri inayokupa nafasi ya thamani kwenye orodha, iliyowekwa ndani ya kitanzi (loop). Nikiikuta, huwa sihitaji kusoma mbali kabla ya kuona jibu lisilo sahihi.

Chukua alama za wanafunzi watano:

`alama = [45, 72, 45, 88, 72]`

Ukiuliza `alama.index(72)` utapata 1, maana Python huhesabu nafasi kuanzia 0. Uliza tena, utapata 1 ileile, kwa sababu `index` husimama inapokutana na 72 ya kwanza. Mwanafunzi aliye nafasi ya 4 hatajwi kabisa. Ubaya ni kwamba hakuna onyo lolote: ukijaribu kwa data fupi isiyo na alama zinazojirudia, kila kitu kinaonekana kiko sawa, na kosa linajitokeza kwenye matokeo ya watu halisi.

Tumia `enumerate`, inayokupa kila kipengele pamoja na nafasi yake, ambayo imo ndani ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003:

`nafasi = [i for i, a in enumerate(alama) if a == 72]`

Unapata `[1, 4]`, na orodha imepitiwa mara moja tu. Kuita `index` kwa kila kipengele ni kuanza upya kila mara. Kwa orodha ya vipengele 100,000 vyote tofauti, hiyo ni milinganisho kama bilioni 5. Kompyuta itakuweka.

Thamani ikikosekana, `enumerate` inakuachia orodha tupu, na kitanzi kinachofuata hakifanyi chochote. `index` hurusha kosa la `ValueError`. Kwa maandishi kuna `find`, nayo hurudisha -1, na hapo naomba uwe makini sana: katika Python -1 ni nafasi halali, ni kipengele cha mwisho. Usipoikagua, programu itaendelea kwa utulivu na herufi ambayo hukuitafuta.

Ukitaka kufuta ulivyovipata, anza nyuma: `for i in reversed(nafasi): del alama[i]`. Ukianzia mbele, vilivyobaki vinasogea na nafasi ulizozihifadhi zinakuwa za uongo.

Na kama utauliza thamani nyingi tofauti, jenga kamusi (dict), inayohifadhi kila thamani na nafasi zake, mara moja:

`ramani = {}`
`for i, a in enumerate(alama):`
`    ramani.setdefault(a, []).append(i)`

Baada ya hapo, kwa orodha ile ya mwanzo, `ramani.get(45, [])` inakupa `[0, 2]` bila kuigusa orodha tena. Orodha ikibadilika, jenga kamusi upya.