Nikifuatilia pumzi natulia kuliko nikiswali, je nina tatizo?

SWALI: Assalaamu alaykum shehe. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa mwaka wa pili, nimepanga geto Kihesa ila kwetu ni Tukuyu. Muhula huu tuna kozi ya falsafa, tumewasoma Wagiriki na Warumi na ile mada ya furaha ni nini, alafu mwenyewe nikajikuta nimeingia kwenye haya mazoezi ya kutuliza akili, wanaita maindifulnesi. Asubuhi nakaa kama dakika kumi nafuatilia pumzi tu, usiku naandika kwenye daftari vitu vilivyonifurahisha siku hiyo, vidogo vidogo tu, chai ya tangawizi, jua likichomoza kwenye ukungu, jamaa wa bajaji aliyenichekesha. Kiukweli stresi zimepungua sana. Ila nikiswali sipati ule utulivu, akili inazurura. Wenzangu wanasema hayo ni mambo ya Mabudha na falsafa inatoa watu kwenye dini. Je napata dhambi? Na kufurahia vitu vidogo hivi si ndo kughafilika na akhera?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu.

Wenzako kwenye historia hawajakosea, asili ya hayo mazoezi ni kwa Mabudha kweli. Ila hiyo unayofanya wewe imepitia kwa Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 aliianzisha kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kule Marekani kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, mambo ya dini akayaweka pembeni akabaki na zoezi. Sasa mtu kukaa kimya akasikiliza pumzi yake, hapo hajamsujudia yeyote, na mambo ya kawaida ya dunia asili yake ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Ukipanda mlima Loleza asubuhi kwa ajili ya afya nani atakuuliza mlima huo ni wa dini gani? Kwahiyo hilo tulimalize, dhambi hamna.

Falsafa nayo isikutishe, na isikuleweshe pia. Al-Kindi wa karne ya 9, Mwislamu kabisa, aliandika risala nzima ya namna ya kuondoa huzuni. Imamu Ghazali ndo alizama huko kuliko wote, akawajibu wanafalsafa kwenye masuala 20, lakini mantiki na hesabu hakuzikataa, alisema wazi kuzipinga hizo kwa jina la dini ni kuidhuru dini. Alafu yeye huyo mwaka 1095, mwalimu mkubwa wa Baghdad, wanafunzi wamejaa, ulimi ukagoma darasani na chakula kikawa hakishuki, matabibu wakasema tatizo limeanzia moyoni. Akaacha cheo akaondoka. Mimi nikiwasikia vijana wanasema elimu yao ya furaha imewatosha huwa namkumbuka, maana huyu alikuwa nayo yote kichwani na bado akakwama. Soma kozi yako, faulu, usije ukapata sapu, ukarudia mtihani, ukasema shehe ndo kakukataza.

Sasa tuje kwenye swala, hapa ndo penyewe.

Wewe unaipima swala kwa utulivu unaoupata, na nahisi shida yako imeanzia hapo. Zoezi lengo lake utulie, likikutuliza limefanya kazi yake basi. Swala unasimama mbele ya Mola wako aliyekuita, umetulia unakwenda, umevurugwa unakwenda, bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, limeingia unakwenda, halijaingia unakwenda. Saa ingine unasimama na moyo mzito na hiyo ikawa swala kubwa kuliko ile uliyoinukia unaskia raha. Kwahiyo usiziweke kwenye mizani moja alafu ukasema hii imeshinda.

Ila pia nikuulize, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Hilo zoezi unafunga mlango, unazima simu, unakaa dakika kumi hutingishiki. Isha je, rakaa nne unazimaliza kwa dakika ngapi? Kuna mtu aliingia msikitini akaswali mbio mbio, Mtume (s.a.w.) akamwambia rudi ukaswali kwani hujaswali, akarudi akaswali vile vile, ikawa hivyo mara tatu mpaka yule mtu akasema nifundishe sijui zaidi ya hivi. Akafundishwa rukuu mpaka utulie umerukuu, inuka mpaka unyooke wima, sujudu mpaka utulie umesujudu. Hadithi ipo kwa Bukhari na Muslim. Kwahiyo kutulia kwa viungo ni sharti la swala yenyewe, sio pambo, na huo mwili uliokwisha uzoesha kukaa kimya asubuhi upeleke huko huko kwenye sijda, mbona umeshapata mazoezi tayari.

Na anzia kabla hata ya takbira. Wewe wa Iringa mimi nipo Uyole, mwezi wa saba alfajiri sote tunajua maji ya bomba yanavyouma, vidole vinakufa ganzi, unamwona mtu anapangusa uso kama anafukuza nzi alafu huyo ndani. Mtume (s.a.w.) alipotaja vitu ambavyo Allah anafutia makosa na kupandisha daraja, cha kwanza kukitaja kilikuwa kutimiza udhu wakati wa tabu. Basi usiyakimbie yale maji, yasikie yanavyopita kwenye kiwiko, yanavyoingia katikati ya vidole vya miguu, ujue kila kiungo unakiosha kwa ajili ya nani. Ukifika kwenye mswala na akili hiyo utaona tofauti, sikuahidi kila siku, ila utaona.

Akili kuzurura isikukatishe tamaa. Uthman bin Abil-As, sahaba, alilalamika shetani anamvuruga kwenye swala na kisomo chake, akaambiwa huyo anaitwa Khinzab, ukimhisi jikinge kwa Allah na uteme kushoto mara tatu (kutema kwa kupuliza jamani, msije mkamlowesha jirani safuni). Yaani limewapata masahaba, sembuse wewe mwenye asaimenti tatu za Ijumaa.

Kuhusu furaha, kisa cha Handhala kinakuhusu moja kwa moja. Alikutana na Abubakar njiani akasema Handhala kawa mnafiki, kwanini, kwasababu tukiwa na Mtume tunakumbushwa pepo na moto kama tunaviona kwa macho, tukirudi kwa wake na watoto na mashamba tunasahau mengi. Abubakar akasema wallahi hata sisi yanatupata hayo. Wakaenda wote, na Mtume (s.a.w.) akasema lau mngedumu katika hali mnayokuwa nayo kwangu, malaika wangepeana mikono na nyinyi vitandani na barabarani, lakini ewe Handhala, saa na saa. Hakumwambia awakimbie watoto. Kwahiyo saa ya chai ya tangawizi ipo, saa ya kucheka na jamaa wa bajaji ipo, kughafilika ni pale ulipokunywa ukacheka ukapitisha na swala.

Daftari usiache, ni shukrani hiyo, na Allah anasema mkishukuru nitakuzidishieni (Ibrahim, 7). Ila liangalie lisije likawa la vitu vitamu tu. Hadithi ya ajabu ya jambo la muumini ina pande mbili, akipata jema anashukuru, akipatwa na dhara anasubiri, yote kheri kwake. Siku umefeli testi au nyumbani wamepiga simu mama anaumwa, usilazimishe kutafuta cha kufurahia, andika hilo hilo lililokuuma na umwombe Mola wako juu yake. Hawa wa furaha kila siku wananichosha kidogo, utafikiri huzuni ni aibu, wakati Mtume (s.a.w.) alilia mwanawe Ibrahim alipofariki.

Na ikitokea huzuni imekaa wiki na wiki, hulali, huli, hakuna kinachokuingia, hapo pumzi na daftari havitoshi, swali na uende hospitali ukamwone mtaalamu. Watu wakisikia daktari wa akili wanawaza Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, achana nao, tumeamrishwa kutafuta tiba.

Mwisho, hizo apu zipo zinazokwambia urudie neno ambalo hata maana yake huijui, au uvute picha ya sanamu kichwani, hapo ruka, na kama haliwezekani kuruka futa apu yote, kufuatilia pumzi hakuhitaji bando. Na hizo dakika kumi ziweke baada ya kuswali alfajiri, zisije zikakupitishia jua.

Wallahu aalam.